Kuku wa Kuachia na Wanyama Wengine wa Nyumbani: Namna ya Kuwafuga Pamoja Bila Maafa

Malalamiko huwa yale yale. Mbwa amekaa na kuku mwezi mzima bila neno, kisha siku moja matetea watatu wamelala chini. Mbuzi amekutwa asubuhi tumbo limewamba kama ngoma, kumbe usiku alipata upenyo hadi kwenye chakula cha kuku. Vifaranga walioanguliwa wengi wanapungua mmoja mmoja, na anayelaumiwa ni paka.

Ukifuatilia visa hivi utaona ukali wa mnyama una sehemu ndogo. Mara nyingi kuku waliachiwa kabla hawajajua kwao ni wapi, chakula cha kila mnyama kiliwekwa mahali ambapo mwingine anakifikia, na wanyama wote walikutanishwa siku moja. Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zimepangwa hivi: banda kwanza, chakula pili, halafu mnyama mmoja baada ya mwingine. Usiruke hatua kwa kuwa mbwa wako ni mpole. Upole wa mbwa haujapimwa mpaka kuku apige mabawa mbele ya pua yake.

Jipe wiki 6 hadi 8 kwa kazi yote.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

- Banda la kulala lenye mlango wa komeo. Kadiria kuku wakubwa 3 hadi 4 kwa mita 1 ya mraba.
- Wavu mgumu wenye matundu ya takriban sentimita 1.3 kwa madirisha na sehemu za chini. Ule wavu mwembamba wa matundu makubwa kazi yake ni kuzuia kuku wasitoke; mbwa aliyedhamiria huurarua, na panya hupita bila kuinama.
- Fito za kulalia, sentimita 20 hadi 25 kwa kila kuku.
- Viota vya kutagia vyenye upana wa sentimita 30 hivi kila upande, kimoja kwa matetea 4 au 5.
- Uzio mwepesi wa kuhamishika, wa kutosha kuzungushia kuku wako wote kwa muda.
- Ukanda wa shingoni wa mbwa, kamba fupi ya mita 2 na nyingine ndefu ya mita 5.
- Pipa la chakula lenye mfuniko unaofungwa kwa kabari au kufuli.
- Tenga kubwa au kizimba cha vifaranga.
- Kopo lenye punje za nafaka ndani. Mlio wake ndio utakaowaita kuku.
- Chumvi, vitambaa safi na boksi lenye matundu, tayari kwa mgonjwa.

## Hatua ya 1: Funga usiku

Kuku haoni vizuri gizani. Akishapanda kwenye ufito jioni huduwaa, na anayemfikia wakati huo humchukua bila purukushani. Hata mbwa asiyemgusa kuku mchana anaweza kubadilika usiku, hasa akiwa na mbwa wa jirani. Kwa hiyo banda linalofungwa ni sharti kabla ya mengine yote.

Zungusha wavu mgumu chini ya kuta, kisha ulaze nje juu ya ardhi kwa upana wa sentimita 30 hivi na uufunike kwa udongo au mawe. Mnyama anayechimba huanzia pale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta wavu chini ya kucha zake huacha, kwa sababu hana akili ya kurudi nyuma hatua moja na kuanzia huko.

Matundu ya hewa yawe juu ya vichwa vya kuku waliolala, ili mvuke na harufu ya kinyesi vitoke bila upepo kuwapiga. Komeo liwe la kusukuma na kuzungusha. Mbuzi hufungua kamba iliyofungwa tanzi, na mbwa husukuma mlango ulioegeshwa.

Pima kazi yako hivi: ingia bandani mchana, funga mlango, tazama kuta. Penye tundu la mwanga linaloweza kupitisha kidole gumba, panya au nyoka atapita. Ziba.

## Hatua ya 2: Wafundishe kuku kwao ni wapi

Kuku wapya wakae ndani siku 7 hadi 14, wakila, wakinywa na kulala humo. Watu wengi huona huruma na kuwatoa siku ya pili. Matokeo yake kuku hulala juu ya mti, kwenye zizi la ng'ombe au chini ya gari, yaani katikati ya wanyama ambao bado hawajawazoea.

Kama una kuku wengine, hawa wapya wakae mbali nao kwa wiki 3 hadi 4. Mgeni anaweza kuonekana mzima huku akiwa na mdondo au ugonjwa wa mafua. Wahudumie wa zamani kwanza, wapya mwisho, na usitumie vyombo vilevile.

Kila unapowalisha, tikisa kopo kwanza. Kisha waachie kwa mara ya kwanza saa moja kabla ya giza, wakiwa na njaa kidogo. Hawatakwenda mbali, na giza lenyewe litawarudisha. Ongeza muda polepole kila siku.

Ratiba nzuri baada ya hapo ni kuwafungulia kuanzia saa 3 au saa 4 asubuhi. Matetea wengi huwa wameshataga saa hizo, kwa hiyo mayai yanabaki bandani. Hili si suala la mayai tu. Mbwa anayeokota mayai vichakani hujifunza kuwa kuku ni chakula, na kumwondolea fikra hiyo ni kazi kubwa kuliko kuizuia.

Usiendelee na hatua ya 4 mpaka ukitikisa kopo saa yoyote kuku wote waje mbio. Siku ya hatari, mlio huo ndio utakaokuwezesha kuwaondoa haraka.

## Hatua ya 3: Tenganisha chakula

Hapa ndipo penye vifo ambavyo watu hawavihesabu, maana anayekufa si kuku.

Mbuzi, kondoo na ng'ombe. Chakula cha kuku ni nafaka iliyosagwa. Mnyama anayecheua akikila kwa wingi ghafla, nafaka huchachuka haraka tumboni, tindikali hupanda na mwili mzima hulegea. Dalili ni kuacha kucheua, kusaga meno, upande wa kushoto kuvimba, kinyesi cha majimaji na kusimama kwa kuyumba. Anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Ukijua amekula, usisubiri dalili. Mwondolee nafaka yote, mpe nyasi kavu na umwite mtaalamu wa mifugo mara moja.

Kondoo ana tatizo la ziada. Madini ya shaba yanayowekwa kwenye chakula cha kuku hukusanyika kwenye ini lake kidogo kidogo na kumdhuru. Hata kuiba mdomo mmoja kila siku kuna gharama.

Farasi na punda. Baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na dawa za kuzuia kuhara damu, kama monensini na salinomisini. Kwa uzito wa mwili, kiwango cha monensini anachokula kuku kila siku bila shida kinaweza kumuua farasi. Mbwa pia huathirika. Soma lebo ya mfuko. Kama dawa hizo zimo na unafuga farasi au punda, tafuta chakula kisicho nazo.

Suluhisho ni rahisi. Lisha kuku ndani ya kizimba chenye fito zilizosimama, nafasi ya sentimita 10 hadi 12 kati ya moja na nyingine. Kuku anapenya, mbuzi mkubwa anabaki nje akitazama. Mtoto wa mbuzi huenda akapenya, kwa hiyo msimu wa kuzaa lisha kuku bandani na ufunge mlango. Usimwage chakula cha siku nzima. Kuku wanaojitafutia mchana huhitaji nyongeza tu, na ile ya jioni ndiyo inayowarudisha nyumbani. Weka kinacholiwa ndani ya nusu saa.

Bakuli la mbwa. Mbwa wengi huua kuku wao wa kwanza hapa. Kuku hana adabu mbele ya chakula. Huja moja kwa moja na kudonoa puani mwa mbwa. Mbwa anamng'ata mara moja, kuku anapiga mabawa, na yaliyobaki unayajua. Mlishe mbwa kabla ya kufungua banda au baada ya kulifunga, na bakuli liondolewe akimaliza.

Hori na nyasi. Kuku hupenda kulala juu ya hori na kunya ndani yake. Kinyesi hicho huweza kuwa na bakteria wa salmonela, na ng'ombe hukataa chakula kilichochafuliwa. Funika nyasi zilizohifadhiwa, na ukague zisiwe na kuku au panya aliyekufa ndani, kwani mzoga ukiozea kwenye malisho huzalisha sumu inayopoozesha ng'ombe na farasi.

Maji. Weka jiwe kubwa au ubao wa mteremko kwenye kila birika la kina, ili kuku aliyetumbukia apate pa kukanyagia. Kuku 10 hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku na zaidi wakati wa joto. Wawe na chombo chao kivulini.

## Hatua ya 4: Mbwa

Mbwa hamchukii kuku. Kinachomwamsha ni mwendo: kukimbia, kupiga mabawa, kupiga kelele. Unachomfundisha ni kuuona mwendo huo na kubaki ametulia.

a) Uzio katikati. Weka kuku ndani ya uzio wa muda. Mshike mbwa kwa kamba, simama mbali kiasi kwamba ukimwita jina anageuka. Umbali huo ndio pa kuanzia, hata kama ni mita 30. Akimtazama kuku kisha akakugeukia, mpe kipande cha chakula anachokipenda. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, mara mbili kwa siku. Kila siku sogea kidogo.

Mtazame mwili. Mbwa aliyekaza macho, mdomo umefungwa, mwili umekakamaa na mkia umesimama, huyo anawinda hata kama hajasogea. Rudi nyuma. Mbwa anayenusa chini, kupiga miayo au kutazama kando anajifunza.

b) Kamba fupi, bila uzio. Mtembeze kwanza mpaka achoke. Mtu mmoja amshike, mwingine awamwagie kuku nafaka ili wakimbilie na kugombana. Wengi hulikwepa zoezi hili. Humzoeza mbwa kwa kuku waliotulia, halafu hushangaa anapowarukia wanaokimbia. Fanya zoezi hili kila siku mpaka vurugu ya kuku isimshtue.

c) Kamba ndefu inayoburuzwa. Mwachie akiwa na kamba ya mita 5 anayoiburuza. Akianza kufukuza, kanyaga kamba. Usimkimbilie ukipiga kelele, maana kwake hiyo ni dalili kwamba na wewe umejiunga na mawindo.

d) Huru, ukiwepo. Muda mfupi kwanza, kisha uongeze. Kumwacha peke yake na kuku ni jambo la mwisho kabisa, na kuna mbwa ambao hawafiki hapo maisha yao yote. Hilo si aibu yako wala yake.

Mambo machache ya kuzingatia:

- Mbwa mdogo, chini ya mwaka mmoja, hucheza. Mchezo wake unaua kama hasira. Asiachwe na kuku bila mtu.
- Mbwa wawili watulivu, wakiwa pamoja huchocheana. Mfundishe kila mmoja peke yake, kisha rudia hatua zote wakiwa wawili.
- Kumfunga mbwa kuku aliyekufa shingoni hakumfundishi lolote, na kunamwachia uozo na vijidudu karibu na mdomo. Kumpiga humfundisha kusubiri uondoke.

Umefika unapotaka pale kuku anapokatiza mbio mbele ya mbwa aliyelala naye akafumba macho tena.

## Hatua ya 5: Paka na vifaranga

Paka mmoja akikutana na tetea mwenye vifaranga, mara nyingi anayekimbia ni paka. Kuku mkubwa si mawindo ya paka wa kawaida. Kifaranga ndiye mawindo, hasa chini ya wiki 8.

Kwa hiyo usihangaike kumfundisha paka. Linda umri huo. Tetea na vifaranga wakae kwenye kizimba chenye wavu wa matundu madogo, au chini ya tenga lililowekewa jiwe juu ili lisipinduliwe. Wiki 3 hadi 4 za kwanza ndizo za lazima. Baada ya hapo watoe na mama yao saa chache wakati kuna mtu karibu. Mwewe naye hushambulia umri huohuo, kwa hiyo kizimba hicho kinafanya kazi mbili.

Paka aruhusiwe kukutana na kuku wakubwa kwanza. Akishadonolewa pua mara moja na tetea mwenye wivu, somo limeisha.

Usiweke sumu ya panya mahali kuku au paka wanapopita. Kuku huila sumu yenyewe, na paka au mbwa hula panya aliyekufa kwa sumu. Tumia mtego uliofunikwa na sanduku lenye mlango mdogo.

## Hatua ya 6: Ng'ombe, mbuzi na kondoo malishoni

Huu ndio ujirani mwepesi kuliko yote. Kuku huchakura kinyesi cha ng'ombe na kula mabuu ya nzi, na hudonoa kupe walioanguka. Vifaranga pekee ndio wa kuzuia wasikanyagwe zizini, hasa asubuhi wanyama wanapotoka kwa kusukumana.

Hatari inayosahaulika ni siku ya kuogesha mifugo. Baadhi ya dawa za kupe, hasa zile za kundi la oganofosfati, ni sumu kali kwa ndege. Kuku hunywa madimbwi ya dawa na kula kupe wanaodondoka. Siku hiyo kuku wabaki bandani mpaka mifugo ikauke, madimbwi yafukiwe na mabaki ya dawa yamwagwe mbali na maji.

## Hatua ya 7: Ambao hawachangamani

Nguruwe. Hula mayai, vifaranga na hata kuku mkubwa aliyeingia kwenye banda lake. Pia hushika mafua ya ndege na ya binadamu, jambo linaloongeza uwezekano wa virusi kuchanganyika. Tenganisha kwa ukuta usiopenyeka.

Bata mzinga. Kuku hubeba minyoo midogo kwenye utumbo, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo kuna kijidudu kinachoharibu ini la bata mzinga. Kuku anaweza asioneshe chochote huku bata mzinga wakifa. Wawekee ardhi yao, isiyowahi kutumiwa na kuku.

Bata. Wanaweza kushiriki uwanja, lakini si banda. Huchafua maji na kulowanisha matandiko, na unyevu huleta kuhara damu kwa vifaranga. Dume la bata lisilo na majike ya kutosha huwapanda matetea na kuwajeruhi vibaya.

Sungura. Wakae kwenye vizimba vyao vilivyoinuliwa. Kuku huwadonoa, na bakteria wa pastarela wanaosababisha mafua ya sungura na kipindupindu cha kuku huweza kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

## Hatua ya 8: Wadudu na magonjwa ya pamoja

Tazama kishungi na pembezoni mwa macho ya kuku. Ukiona vidoa vyeusi vilivyoganda ambavyo havipanguswi, hao ni viroboto wanaong'ang'ania ngozi. Sasa kagua masikio ya mbwa na paka. Huenda wapo huko pia. Ukitibu kuku peke yao watarudi wiki ijayo. Watibu wote siku moja, fagia matandiko yote na uyachome.

Onyo kubwa: dawa yenye permetrini inayotumiwa kwa mbwa au bandani inaweza kumuua paka. Mweke mbali mpaka kila kitu kikauke. Dawa zenye fipronili usiwapake sungura, wala kuku wanaotaga mayai ya kuliwa.

Chanja kuku dhidi ya mdondo kwa ratiba ya chanjo unayotumia. Ya tone la jicho mara nyingi hurudiwa kila baada ya miezi 3. Mbwa na paka wapate chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya minyoo.

Kuku aliyekufa bila sababu inayoonekana asitupiwe mbwa, paka wala nguruwe. Virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1 huua paka. Mfukie kwa kina, mbali na kisima, au mchome. Wakifa kadhaa kwa siku moja au mbili, funga wote ndani na umjulishe afisa mifugo kabla ya kuuza au kumpa mtu yeyote kuku.

## Kuku akijeruhiwa

Mwondoe mara moja. Kuku wenzake hudonoa penye damu, na wanaweza kumalizia alichoacha mbwa.

Mweke kwenye boksi lenye giza na joto kwa dakika 20 hivi kabla ya kumshika sana, kwani mshtuko huua kuku ambaye jeraha lake lilikuwa dogo. Ikiwa damu inatiririka, bana kwanza kwa kitambaa safi. Kisha tenganisha manyoya na utafute matundu ya meno. Jeraha la kung'atwa huwa dogo juu na refu ndani. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, yenye gramu 9 za chumvi kwa lita 1, karibu kijiko kimoja na nusu cha chai. Usizibe tundu kwa mafuta mazito.

Aliyeng'atwa na paka usisubiri mpaka aonekane mgonjwa. Mdomo wa paka una pastarela, na ndege anaweza kufa ndani ya siku mbili. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kama atapewa dawa ya kuua bakteria, uliza siku za kutokula mayai na nyama yake.

Mkague kila siku kuona kama nzi wametaga kwenye jeraha, na asirudi kwa wenzake mpaka ngozi ifunge.

Mbwa aliyemuua kuku na kumla, usitegemee mafunzo ya kumrejesha. Badilisha zamu: kuku wakiwa nje mchana, yeye awe amefungwa au upande wa pili wa uzio imara, jioni banda likishafungwa komeo, mfungulie azunguke hadi asubuhi.